Sindano ya Miezi Mitatu

Limi alikuwa na miezi tisa siku bibi yake alipomkalisha kwenye turubai la kuanikia mpunga, akamwachia mikono, na mtoto akalala chali taratibu kama nguo iliyoteleza kwenye kamba. Hakulia. Alitazama juu tu, mdomo ukimtetemeka kidogo.

Bibi huyo, Nyanzala, akamwinua na kumkalisha tena. Akaanguka tena, safari hii ubavu.

"Mtoto huyu alikuwa anakaa," Nyanzala akasema. "Mwezi wa tano alikuwa anakaa hapa hapa, anachezea mpunga. Nyie si mlimwona?"

Wanawake watatu waliokuwa wakigeuza mpunga walikuwa wamemwona. Walitazamana, kisha wakatazama upande wa jikoni. Theopista, mama wa mtoto, alikuwa anakuja, anajifuta mikono kwenye kanga, akitembea kwa kuinua miguu juu kama mtu anayevuka matope.

"Nilikwambia, mama. Wiki tatu sasa shingo yake haikazi. Nilikwambia wewe, nikamwambia na baba yake."

"Uliniambia hataki uji."

"Hataki uji, shingo haikazi, na hacheki. Wewe mara ya mwisho umemsikia Limi anacheka lini?"

Nyanzala alimtazama mkwe wake kuanzia kilemba kilichoficha nywele zilizopukutika, akashuka mpaka mifupa ya mabega, mpaka kanga iliyozungushwa kiunoni mara mbili na bado inalegea. Kisha akapaza sauti ili hata walioko barabarani wasikie.

"Mwanamke asiyekula, maziwa anayatoa wapi? Unamnyonyesha mtoto upepo!"

Hapakuwa na nyumba pale Majimoto isiyojua habari za tumbo la Theopista. Miaka mitano nyuma alikuwa na kilo mia moja thelathini na nane na ndoa ya miaka saba isiyo na mtoto. Madaktari walisema mwili umezidi, ndio unaozuia mimba. Manyanda, mumewe, akauza ng'ombe ishirini na wawili, akampeleka Dar es Salaam, na huko tumbo likakatwa likabaki kifuko cha ukubwa wa yai. Theopista akakonda. Baada ya miaka mitatu na nusu akashika mimba, na waliokuwa wanacheka wakakosa la kusema.

Walilipata tena kwenye chakula. Vijiko vitano vya wali vilimtosha, cha sita kilirudi. Akionja kitu chenye sukari nyingi, moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, akalazimika kulala chini popote alipo. Siku ya ubatizo wa Limi wageni walimshikilia anywe soda, wakisema mama mwenye sherehe hawezi kukaa mkavu. Alikunywa nusu glasi. Robo saa baadaye alikuwa nyuma ya nyumba, amelala kwenye majani akitapika, na ndani mtu akasema mama mtoto amelewa. Manyanda alikuwa hapo. Alicheka pamoja nao.

* * *

Manyanda alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga karibu na soko, na mwezi wa saba mashine ile hailali. Theopista alimkuta amesimama katikati ya magunia, amejaa vumbi la pumba mpaka kwenye kope, anabishana na wanunuzi waliokuja na Fuso. Mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kimeangukia upande.

"Naomba nauli niende Mpanda," akamwambia. "Hospitali kubwa."

"Si ulipewa dawa juzi?"

"Dawa ya minyoo. Mtoto hawezi kushika shingo yake, wamenipa dawa ya minyoo."

"Theopista, huu ni msimu. Subiri mwezi wa nane nitakupeleka mwenyewe."

"Sijaomba unipeleke. Nimeomba nauli. Na mimi mwenyewe siko sawa, baba Limi. Miguu imekufa ganzi toka masika. Jana nimekanyaga kaa la moto, sikujua mpaka niliposikia harufu ya nyama."

Aliyasema haya kwa sauti ya chini. Manyanda angeweza kumjibu kwa sauti ya chini. Lakini wanunuzi walikuwa wananyamaza ili wasikie, na mwanamume anayesikilizwa huwa anatafuta neno la kuchekesha.

"Mnamwona huyu?" akawaambia. "Ng'ombe ishirini na wawili wameingia kwenye tumbo hili, na bado halijashiba. Sasa linadai na wa nauli."

Wakacheka. Dereva wa Fuso, mtu mmoja aliyeitwa Richard, hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto. "Bosi," akasema, "huyo mtoto shingo imelegea kweli." Lakini mashine ilikuwa inaunguruma, na Manyanda akajifanya hakusikia.

Theopista aliondoka pale hana nauli. Alitembea kwa kutazama chini, maana asipoitazama miguu yake hakuwa na hakika ilikuwa wapi.

* * *

Jumapili waliitwa kikao. Malale, baba mdogo wa Manyanda na mkubwa wa ukoo, alikaa kwenye kiti chenye mto. Manyanda alikaa kiti cha pili, Nyanzala kigoda. Theopista alielekezwa chini.

"Kaa, mayu," Malale akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, si kwa ukali. "Tumekuita kwa wema. Mtoto anakwisha."

"Naona, baba."

"Mama mkwe wako anasema maziwa yako yameharibika. Mimi sijui mambo ya wanawake. Lakini ng'ombe akichafuka kiwele, ndama hufa, hilo najua. Tumeamua mtoto aachishwe ziwa, anywe maziwa ya ng'ombe kwa bibi yake. Na Jumanne watampeleka kwa mtaalamu, upande wa ziwani, aangalie ni mkono wa nani."

"Mkono wa nani?" Theopista akauliza.

Nyanzala akadakia. "Mtu aliyekubali kukatwa tumbo na kuacha vipande vya mwili wake huko Dar, tutajuaje vilichukuliwa na nani? Vilifanyiwa nini?"

Theopista akamgeukia mumewe. Manyanda alikuwa anabandua ngozi iliyokauka kwenye kidole gumba. Yeye ndiye aliyeweka sahihi kwenye karatasi za Dar, alimshika mkono mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, alimwombea. Alichotakiwa kusema sasa ni sentensi moja tu. Akaendelea kubandua ngozi.

"Naomba kuuliza," Theopista akasema.

"Uliza, mayu."

"Kama maziwa yangu yanaumwa, basi na mimi naumwa. Mimi naumwa nini?"

Malale akamtazama Nyanzala, Nyanzala akamtazama Manyanda.

"Wewe huumwi," Manyanda akasema hatimaye. "Wewe hutaki kula."

Jumatatu asubuhi, mama mkwe akiwa shambani na Manyanda mashineni, Theopista alichukua doti tatu za vitenge alizotunzwa kwenye ubatizo, akamuuzia jirani kwa bei ya kutupa. Akamfunga Limi mgongoni, akapanda bodaboda mpaka kwenye magari ya Mpanda. Hakumuaga mtu.

* * *

Gari likapita Kibaoni, likaingia hifadhini, na mbung'o nao wakaingia. Abiria wakafunga vioo, wakavumilia joto, wakapigana nao kwa kofia na mashati. Theopista alimfunika Limi kwa kanga mbili. Mama mmoja wa kiti cha jirani akapiga kelele.

"Mama, mguuni! Mguuni kwako!"

Theopista akatazama. Mbung'o wawili walikuwa wamekaa juu ya kifundo cha mguu wake wa kulia, matumbo yamejaa damu mpaka yanang'aa. Aliwapiga, damu ikaruka kwenye kiatu cha yule mama. Mbung'o anauma kama sindano ya gunia; wanaume wazima huruka kwenye viti. Yeye hakuwa amesikia chochote.

"Pole," yule mama akasema, akasogea kidogo. Hakumuuliza tena kitu mpaka Sitalike.

Mjini alipokelewa na dada yake, Marsela, fundi cherehani wa Shanwe aliyekuwa akishona sare za shule sebuleni kwake. Marsela alimpokea mtoto, akamwinua mbele ya uso wake, akamwita jina, akampigia ulimi. Mtoto hakumtazama. Marsela akafunga cherehani yake, akavaa kandambili.

"Twende sasa hivi," akasema. "Chai utakunywa ukirudi."

* * *

Muuguzi wa mizani aliisoma kadi ya kliniki, akafuata kwa kidole mstari uliokuwa kwenye kijani, ukashuka kwenye kijivu, ukaugusa wekundu.

"Mama, mtoto humpi chakula?"

"Hataki kula, dada."

"Mtoto anakataaje kula? Wewe mwenyewe ulivyo hivyo, unajiangalia kweli? Utamwangalia mtoto?"

Benchi zima likageuka. Marsela alifungua mdomo, Theopista akamfinya paja. Ukigombana kwenye mizani, faili lako linaweza kukaa chini ya mafaili yote.

Daktari aliyewapokea alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, mzaliwa wa Katumba, jina lake Joséline. Alimshika Limi mikono, akamvuta polepole akae. Mwili ukaja, kichwa kikabaki nyuma. Akafungua viganja vyake, vilikuwa vyeupe. Akamwangalia muda mrefu. Kisha akamgeukia Theopista.

"Na wewe, mama, unaumwa nini?"

Theopista alitaka kusema amemleta mtoto. Badala yake alianza kulia, na kilio hicho hakikuwa cha huzuni. Ilikuwa hasira ya mtu aliyegonga mlango wa nyumba yake mwaka mzima, halafu akafunguliwa na mtu baki.

"Toa ulimi," daktari akasema. Ulimi ulikuwa mwekundu na laini kama umechunwa. Akachukua ufunguo wa droo, akainama miguuni pake. "Unasikia?"

"Nini?"

"Nimeshakukwaruza mara tatu."

Akamlaza kitandani, akafunua nguo, akayaona makovu matano tumboni, kila moja kama punje ya harage.

"Haya ni ya nini?"

"Nilikatwa tumbo. Dar. Kupunguza mwili."

Daktari akanyooka. "Mwaka gani?"

"Wa tano huu."

"Sindano yako ya B12 ya mwisho ulichoma lini?"

"Sindano gani?"

Joséline alivuta kiti, akakaa. Alimweleza kwa utaratibu, na Theopista alilikumbuka kila neno baadaye. Tumbo lililokatwa namna ile haliwezi tena kuichukua vitamini hiyo kutoka kwenye chakula, hata angekula ng'ombe mzima. Mwili huwa na akiba ya miaka michache, na akiba ikiisha, damu na mishipa ya fahamu huanza kuharibika. Maziwa yake yalikuwa mengi na mazuri, ila kitu hicho hakikuwamo. Na mtoto aliyezaliwa na mama asiye na akiba hana pa kukitoa.

"Mwaka wa kwanza nilichomwa kule Dar, kila tuliporudi," Theopista akasema. "Nilidhani ni dawa za kidonda. Nilidhani zimekwisha."

"Haziishi. Ni za maisha."

"Mama mkwe anasema namnyonyesha mtoto upepo."

Daktari akavua miwani yake. "Hakukosea sana," akasema.

Neno hilo lilimuuma Theopista kuliko yote aliyotukanwa.

"Hiyo sindano ni shilingi ngapi?"

"Elfu tatu, elfu nne. Mwanzoni nyingi, baadaye moja kila miezi mitatu."

Marsela, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaguna kama mtu aliyepigwa. Wakatoa damu, wakachoma sindano. Limi alichomwa pajani. Alilia kidogo, kilio kembamba cha paka, kisha akasahau.

Jioni, wodini, daktari akaomba namba ya ile kliniki ya Dar ili apate taarifa za upasuaji. Theopista hakuwa nayo. Karatasi zote zilikaa kwenye mkoba wa mumewe. Marsela aliitafuta kwenye simu yake, akaipata, akapiga na kufungua spika. Theopista akataja jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Upande wa pili dada mmoja akatafuta kwenye kompyuta.

"Ndiyo, mama Theopista, tunaye. Mbona tunakukumbusha kila miezi mitatu?"

"Mnanikumbusha mimi?"

"Kwenye namba uliyoandikisha. Tunaona meseji zimesomwa, na kuna majibu. Ngoja nikutumie uone mwenyewe."

Zikaingia moja baada ya nyingine. Namba ilikuwa ya Manyanda. *Ndugu, tunakukumbusha kuwa mgonjwa Theopista anatakiwa kuchomwa sindano ya vitamini B12. Hospitali yoyote iliyo karibu inaweza kumchoma.* Zilikuwa kumi na sita. Chini ya kila moja palikuwa na jibu lile lile: *Mgonjwa anaendelea vizuri. Asante.*

Iliyokuwa ndefu ilitumwa mwaka uliopita, baada ya Manyanda kuwaandikia kwamba mke wake ana mimba. *Hongera kwa ujauzito. Tafadhali zingatia: asipochomwa sindano hii, mtoto anaweza kupata madhara ya ubongo na mishipa. Ni muhimu sana.*

*Asante daktari. Mgonjwa anaendelea vizuri.*

Marsela alizisoma kwa sauti mpaka ya saba, akashindwa. Theopista akaichukua simu, akamalizia mwenyewe.

* * *

Siku ya tatu Manyanda alifika na mama yake na Malale, amekodi gari zima. Waliwakuta uani mwa hospitali, Theopista ameketi kwenye ukuta mfupi, mtoto mapajani. Manyanda alianza kufoka kabla hajafika.

"Unamwiba mtoto wangu? Unaondoka nyumbani kwangu kama mwizi, watu wananiuliza mke yuko wapi nakosa la kusema?"

"Usiongee hivyo mbele ya wagonjwa," Malale akamwambia.

"Mwache aongee," Theopista akasema. "Leo nataka aongee. Jana Limi amekula nusu kikombe cha uji, baba Limi. Umeuliza? Hujauliza. Kaa."

"Sikai."

"Simama basi. Baba Malale, mama, nyie kaeni. Juzi mlinikalisha chini nikasikiliza, leo ni zamu yenu."

Akasoma. Hakupaza sauti, hakuruka hata moja. Tarehe, maneno ya kliniki, na jibu. Ndugu wa wagonjwa waliokuwa wakifua karibu wakaacha kufua. Alipofika kwenye ile ndefu, aliisoma mara mbili. Manyanda alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtiririka shingoni.

"Hizo ni za kweli?" Malale akauliza.

Manyanda akajifuta shingo kwa mkono wa shati.

"Nimekuuliza, Manyanda."

"Za kweli."

"Ulisoma ukakaa kimya? Kwa nini?"

"Mara ya kwanza nilikwenda duka la dawa pale Majimoto, hawana. Nikasema nitainunua Mpanda. Ikaja mvua, ikaja mashine kuharibika. Na yeye alikuwa anatembea, anapika, mzima kabisa. Halafu akashika mimba." Akakwepa macho ya mama yake. "Nikasema basi, Mungu amejibu, tumbo limekwisha. Nilikuwa nimechoka kusikia habari za tumbo. Baadaye, alipoanza kusema miguu, nikakumbuka. Nikaona aibu kumwambia kwamba sikumwambia."

"Mikanda ya mashine unanunua wapi?" Theopista akauliza.

"Nini?"

"Mkanda wa mashine ukikatika, unanunua wapi?"

"Hapa Mpanda."

"Mwaka jana umekuja mara ngapi?"

Manyanda akageuka kutazama lango.

"Mara ngapi? Sema, mama yako asikie."

"Nyingi."

"Mkanda ukikosekana unalala gesti, siku mbili, siku tatu, mpaka ufike. Hujawahi kurudi nyumbani bila mkanda. Duka la dawa liko mlango wa pili kutoka hapo unaponunua, nimeliona. Aibu! Uliona aibu? Nimekaa chini mbele ya wazee wako naambiwa sitaki kula, na wewe kwenye kiti, unajua, unabandua ngozi ya kidole. Kule mashineni umenifanya kichekesho cha wanaume, na meseji ziko mfukoni mwako. Mtoto ameacha kucheka, unajua! Miezi mitatu nyuma mtoto huyu alikuwa ananiita 'ma', sasa haniiti, na wewe unajua!"

Manyanda akapiga hatua kumshika bega. Theopista akainua mkono tu, na mwanamume yule mrefu akasimama hapo hapo.

Sasa Nyanzala akainuka, akamwendea mwanawe, akampiga kibao cha uso kilichosikika mpaka kwenye dirisha la dawa.

"Umeniacha namwita mkeo mchawi!" akasema. "Na wewe umekaa!"

"Mama," Theopista akasema. "Usimgeukie yeye ili mimi nikusahau. Mdomo uliosema ulikuwa wako."

Nyanzala akarudi kwenye nafasi yake, akajifunika kanga kichwani.

Daktari Joséline akatokea kwenye baraza na faili mkononi, akauliza kama hao ndio ndugu wa mtoto. Nyanzala akachungulia kutoka kwenye kanga. "Huyu msichana ndiye daktari?" akanong'ona. Malale akamwambia anyamaze, kwa siku hiyo maneno yake yametosha.

"Atacheka," daktari akawaambia. "Atakula, na atakaa. Kuhusu kutembea, kusema, na shule huko mbele, siwezi kuwaahidi. Tumechelewa."

"Tumechelewa kiasi gani?" Manyanda akauliza.

"Miezi sita, saba. Angechomwa mama wakati wa ujauzito, tusingekuwa tunazungumza hapa."

* * *

Limi alicheka siku ya tisa, wakiwa wamesharudi Shanwe, kwa sababu sufuria ilimponyoka Marsela na kubingirika mpaka mlangoni. Wakaiangusha tena na tena, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha mikono ya mtoto ikaanza kutetemeka, wiki tatu nzima, hata usingizini. Daktari alisema huwa inatokea, mishipa ikianza kuamka. Ikaacha. Mwezi wa kumi mtoto akakaa mwenyewe.

Theopista hakurudi Majimoto. Alibaki Shanwe, akawa anakata vitambaa na kupiga pasi sare za shule. Cherehani ya miguu hakuiweza: alikuwa hajui kama amekanyaga pedeli au sakafu. Ganzi ilikuwa imeshuka kutoka magotini ikaishia kwenye vifundo, na hapo ikagoma. Daktari alimwambia huenda ndio mwisho wake. Nywele zilirudi, fupi na laini. Vijiko vya wali vilibaki vitano. Marsela alikuwa akimpakulia kwenye kisosi, na hakumwambia ongeza.

Ukoo ulikaa tena, safari hii bila yeye. Malale alileta majibu mwenyewe: Manyanda ametozwa faini ya ng'ombe mmoja, mtamba, wa mke wake.

"Wa ishirini na tatu," Theopista akasema.

"Mayu, ni ishara tu. Wazee wamemkemea sana. Rudi nyumbani."

"Mwambie amlete Mpanda, nitamuuza. Limi anahitaji mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Na mimi kurudi, baba, bado sijaona pa kurudi."

Malale alikunywa chai yake, akaondoka. Ng'ombe aliletwa na Manyanda mwenyewe, juu ya Fuso ya Richard, akamuuza mnadani, akaleta fedha zote mpaka mlangoni. Theopista alizipokea. Hakumkaribisha ndani.

Tangu hapo Manyanda alikuwa akija kila mwezi, siku ya kliniki, hata katikati ya msimu. Hakuitwa na hakufukuzwa. Alibeba mfuko wa nepi na chupa ya uji, akapanga foleni, akasimama nyuma yao. Mara ya kwanza alijaribu kuzungumza juu ya kusameheana, kwamba hata Mungu husamehe. Theopista akamwambia Mungu hana mtoto wa kumfundisha kutambaa.

Siku moja mwezi wa pili, mvua imewazuia watu wote chini ya baraza, mama mmoja kijana alikuwa anamtembeza mwanawe kati ya mabenchi, akimshika vidole. Mtoto wake alikuwa na hatua za haraka, anaanguka na kuinuka. Limi alikuwa chini kwenye kanga, ameketi, anamfuata kwa macho, mikono yake inapigapiga sakafu.

"Wako ana miezi mingapi?" yule mama akauliza kwa uchangamfu.

Wanawake wengine wenye watoto kama Limi walikuwa wanapunguza miezi. Wanasema kumi, wanasema kumi na moja, ili wasiulizwe la pili. Manyanda, aliyesimama na mfuko begani, alimtazama mkewe kama mtu anayeomba.

"Kumi na sita," Theopista akasema.

"Kumi na sita! Na hajasimama?"

"Hajasimama. Alicheleweshwa."

"Alicheleweshwa na nani tena, jamani?"

"Na baba yake," Theopista akasema. "Huyu hapa."

Yule mama akamtazama Manyanda, akangoja abishe au acheke. Manyanda hakubisha. Aliinama, akamfuta Limi udenda kwa kitambaa, akasimama tena nyuma yao na mfuko wake, na foleni ikasogea.